Gia ya Tatu Kabla ya Lami

Mwanangu Mwende,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni, na wewe ulikuwepo nilipoisikia. Ilikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo kimoja cha kidole, polepole, kama asiyetaka kuwaamsha wengine ndani ya nyumba. Ngo. Ngo. Ngo. Ilitoka chini ya tangi la mafuta, katikati ya magoti yangu, tulipokuwa tukipanda kuelekea Machakos kwa nyanya yako. Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa umenishika kiuno, ukainua kichwa ukasema, "Mama, kuna mtu humo ndani." Nilicheka. Hatukufika mbali. Pikipiki ilitikisika mara moja, ikanyamaza, nasi tukabaki kando ya barabara na upepo, na kifurushi cha sukari na majani ya chai tuliyokuwa tukimpelekea nyanya.

Jua halijazama bado. Wewe uko mtaa wa Kaloleni kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa mezani, mgongo wangu ukigusa tangi la pikipiki, maana sebule hii haijawahi kututosha sote watatu. Sitakuandikia habari za sweta wala dawa ya malaria, wala namna ya kuishi na mwalimu mkuu usiyemjua wa ile shule ya harambee utakayofundisha. Hayo unayajua, na usiyoyajua utawauliza watu wa Kitale. Nataka kukuandikia habari za gia. Najua utacheka. Miaka miwili nimekufundisha gia hizo mpaka zimekuchosha. Lakini nilikuwa nyuma yako siku zote, na helmeti kichwani, na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kupigia upepo kelele.

Tena kuna jambo moja kati yetu ambalo halijaisha. Unataka kwenda peke yako kesho. Mimi nilisema nitakaa nyuma yako mpaka Nakuru, halafu nirudi na basi. Hukukataa. Ulisema tu, "Sawa, Mama," ukaenda kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Tangu Jumapili tunazungumza kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja. Nimeliwaza jambo hilo siku hizi zote, na nitakuambia nilipofikia. Lakini nianzie mbali kidogo.

Pikipiki hii baba yako aliinunua kwenye mnada wa vyombo vya serikali, ulipokuwa ukijifunza kutembea. Ilikuwa imefanya kazi ya kusindikiza misafara, kwa hiyo ilikuwa na kiti kimoja tu cha dereva, silinda mbili kubwa zilizotoka nje kila upande, gia tano, na mita mbili mbele. Mita moja ilionyesha mwendo wa barabarani. Ya pili ilionyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Baba yako hakuwa na haja na ile ya pili. Alisema ni pambo. Alifunga kiti cha nyuma ili nikae mimi, na Jumamosi moja moja tulikwenda mpaka Naivasha, wewe tukikuacha kwa Mama Otieno hapa jirani.

Ulipofika miaka minne alipata kazi Mombasa. Pikipiki ilikuwa imekatika kebo ya klachi, akaiacha imeegemea ukuta wa sebule, akasema atatuma gari lije kuichukua. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha nikasikia kwa watu kwamba ana mke huko na mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kila Jumamosi niliipangusa ile pikipiki vumbi. Nilijiambia ninaitunza mali ya mtu. Kusema kweli nilikuwa nikingoja aje kuichukua, kwa kuwa akija kuichukua atakuwa amekuja.

Siku moja nilikuwa nikisahihisha madaftari ya fizikia nikaiangalia, nikaona kwamba nimengoja muda wa kutosha. Nilinunua kebo. Nikajifunza kuiendesha Jumapili mchana kwenye uwanja nyuma ya shule ninayofundisha, nikaanguka mara nyingi, na hakuna aliyeniona isipokuwa mlinzi, mzee wa Kitui, ambaye kila nikianguka alikuwa akisema, "Pole, mwalimu. Hiyo ni ndume." Baada ya muda nikaanza kwenda nayo kazini.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilianza kwenye kijia hiki hiki cha mlangoni mwetu.

Unajua nyumba za mtaa wetu huu wa Jericho zilivyo. Mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, wewe ndiye unayetafuta maji. Nilikuwa nikiondoka alfajiri, na nilikuwa mwanamke aliyeachwa, juu ya pikipiki ya mwanamume aliyemwacha. Niliona haya. Sikutaka mtu yeyote aamshwe na mimi. Kwa hiyo niliisukuma mpaka nje ikiwa imezimwa, nikaiwasha bila kuipa mafuta, nikatia gia ya kwanza, na papo hapo ya pili, na kabla ya kufika lami ya Jogoo Road nilikuwa nimeshatia ya tatu, injini ikizunguka polepole mno, ikinguruma chinichini kama mtu anayeongea na mto mdomoni. Nilijisifu kwa hilo. Nilidhani nimeiweza.

Injini ikiwa katika gia kubwa na mzunguko mdogo hutii. Hilo ndilo baya lake. Ukiifungulia mafuta haikatai. Inatetemeka, inavuta, inakupeleka unakotaka, na kila pistoni inaposhuka inashuka kwa uzito ambao haikuandaliwa kuubeba, na pampu ya oili, kwa kuwa inazungushwa na injini hiyo hiyo, nayo inavivia. Kwenye ubao ningeweza kuwachorea wanafunzi wangu ule mstari: nguvu inavyoanza chini, inavyopanda, inavyofika juu na kuanza kushuka. Niliuchora kila muhula. Halafu nikatoka nje na kupanda pikipiki kwa namna ile.

Ungetegemea kwamba nikishafika barabara kubwa ningeiachia. Barabarani hakukuwa na jirani. Lakini mkono wangu ulikuwa bado unaishi Jericho. Hata nilipokwenda Machakos na wewe nyuma, uwanda mtupu pande zote, swala ndio mashahidi, niliwahi gia ya tano kama mtu anayefunga mlango kimyakimya. Tulipoanza kupanda sikushuka gia. Kushuka gia kungefanya kelele. Niliongeza mafuta tu, na injini ikatii, ikatii, mpaka ikaanza kubisha.

Njoroge, yule fundi wa Kariobangi, aliifungua akanionyesha bering za krenki, zile pete zinazoushika mhimili wa injini, zimelika upande mmoja. Alisema ni oili mbovu. Nilitikisa kichwa kukubali, nikaiweka ile bering ndani ya leso nikaja nayo nyumbani. Niliizungusha kidoleni jioni nzima mpaka nikaelewa kwamba oili haikuwa na hatia.

Kwa mwaka mzima pikipiki ililala hapa sebuleni bila injini, imefunikwa kitambaa cha meza, nawe ukifanyia hesabu zako juu ya kiti. Na ndani ya mwaka huo baba yako alikuja. Sijui unakumbuka kiasi gani. Alikuja na rafiki yake mwenye pikapu. Hakukaa. Aliondoa kitambaa, akatazama tundu palipokuwa na injini, akacheka.

"Ndunge, umeiua."

"Inatengenezwa," nikasema.

"Mwanamke na ndude kama hii. Si ungeniandikia?"

"Ningekuandikia wapi?"

Rafiki yake akatazama nje. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Baba yako alikuona, akakupapasa kichwani, akasema, "Umekuwa mkubwa." Hakukuuliza hata darasa. Kisha akageuka kwa rafiki yake akasema haina faida kubeba vyuma, wakaenda.

Mwende, katika muda ule wote sikupandisha sauti. Nilimwambia, "Kunywa chai basi," kwa sauti ndogo, kwa ajili ya ukuta. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na maneno ya miaka mitano, yote yakiwa tayari, na niliyapitisha kwenye gia ya juu ili yasisikike. Ulinitazama. Ndilo jambo ninaloona kila nikifikiria siku ile, kwamba ulinitazama mimi wala hukumtazama yeye, ukingoja uone nitafanya nini. Nami nilikwenda kuinjika chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nimewaza pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwamba kama ningeitunza ile injini vizuri, siku ile angeipakia pikipiki kwenye pikapu na kuondoka nayo. Sijui nilifanyie nini wazo hilo. Nakupa lilivyo.

Injini ilipopona, asubuhi ya kwanza niliiwasha hapo nje, nikaiacha ipate joto, nikaenda nayo gia ya kwanza mpaka ikaniomba ya pili, na ya pili mpaka lami. Milango ilifunguka. Wale vijana wa kibandani wakapiga mluzi. "Niaje, madam! Tupe lifti mpaka tao!" Niliporudi jioni Mama Otieno alikuwa akianua nguo.

"Mwalimu, leo uliamka na hasira?"

"Ni pikipiki, Mama Otieno. Ndivyo inavyopumua."

"Basi acha ipumue. Zamani tulikuwa tunakusikia unavyonyatanyata nayo, Baba Otieno akawa ananiuliza, huyu mwalimu anamwibia nani?"

Alicheka mpaka akaangusha kibanio. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani na helmeti mapajani. Walikuwa wakinisikia. Miaka yote ile walikuwa wakinisikia na hawakujali. Kama ningegonga mlango ule hata jioni moja, nikasema Mama Otieno niko peke yangu, ningepewa kiti. Sikugonga. Nilikuwa nimejitengenezea ukimya nikakaa ndani yake, na nikakulea humo.

Sasa nikuambie ninachokijua, kwa jinsi ninavyokijua.

Ukiwa na mzigo, usiifungulie mafuta mengi mshale wa ile mita ya pili ukiwa chini ya elfu tatu. Shuka gia kwanza. Kati ya elfu tatu na nusu na elfu tano ndipo injini hii inapofurahi. Utahisi miguuni, mtetemo unaacha kuwa wa kugongagonga unakuwa kama wa cherehani. Kwenye tambarare, gari likiwa halipo mbele, panda gia ukifika kama elfu nne, na ya tano iache kwa ajili ya barabara iliyonyooka na upepo uliotulia. Ya tano si zawadi. Huipati kwa sababu umefika mbali. Upepo wa mbele ukiwa mkali pale Gilgil, kaa ya nne saa nzima ukitaka, hakuna atakayekuandikia kosa.

Kilima usikingoje kikukamate. Ukikiona, shuka gia ukiwa bado una mwendo, na kabla ya kuachia klachi ipe mafuta kidogo ili injini ifikie kasi ya gurudumu, la sivyo gurudumu la nyuma litashtuka. Ndani ya kona usibadili kitu. Ingia na gia utakayotoka nayo. Unapoteremka kwenda Naivasha utaona magari yanayoteremka bila gia ili kuokoa mafuta. Baba yako alikuwa akifanya hivyo, na mimi nyuma yake nilidhani ni ustadi. Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia, acha injini ikushike, breki zipumzike.

Na Timboroa. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini haitakuwa na nguvu uliyoizoea. Utadhani imeharibika. Haijaharibika. Itahitaji gia moja chini ya ile ambayo ungetumia hapa, na itapanda taratibu kwa sauti ya juu, na wewe utakuwa na baridi, na ukungu, na huenda usione mtu kwa muda mrefu. Usiinyamazishe kwa sababu ya upweke. Nakwambia hivi kwa kuwa najua utatamani. Sauti ya injini peke yake mahali patupu huanza kusikika kama unamsumbua mtu.

Lakini haya yote ni maneno, na ninakuja kwenye jambo letu.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikaa mbele, nami nyuma, na kwa kuwa hukunisikia nilikupiga kidole begani. Bega la kushoto, panda gia. La kulia, shuka. Ulikuwa mwepesi wa kujifunza. Mwaka jana nilijisemea kwamba umeiva, hukosei gia hata moja. Na niseme ukweli, nilikuwa nikizipenda Jumamosi zile kuliko ulivyojua. Wewe na mimi si watu wa kukumbatiana. Umekua, nami sikufundishwa. Kwangu mimi, bega lako chini ya kidole changu lilikuwa ndiyo mazungumzo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukipanda kwenda Limuru. Nilikuwa nimechoka, nikawa nawaza nyumba itakavyokuwa ukishaondoka, nikasahau kukugusa. Barabara ilikuwa imelala baada ya kilima, gia ya tatu ilikuwa imekwisha muda wake, na injini ikapanda, elfu sita, na zaidi, ikalia mpaka watu wa mashambani wakageuka. Nawe hukupanda gia. Niliona shingo yako imekaza. Ulikuwa ukingoja. Niliposhtuka nikakugusa bega la kushoto, ukapanda papo hapo, safi kabisa.

Tuliposimama kununua viazi uliniambia, bila kunitazama, "Mama, ukiwa nyuma yangu siisikii. Nasikia mkono wako tu."

Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Kwa hiyo nilitumia miaka miwili kukufundisha kuwa kiziwi?" Mwenye viazi akacheka, na njia nzima ya kurudi nilizuia mikono yangu mapajani, na njia nzima ukakosea. Uliogopa gia zote. Nyumbani ulisema utapendelea kwenda Kitale peke yako, nami nikasema hapana, sasa ndipo unaponihitaji, angalau mpaka Nakuru. Nilisema ni kwa sababu ya malori.

Si malori. Nimelipima jambo hili kwa uaminifu wote nilio nao. Niliogopa ile saa ya kesho asubuhi, pikipiki ikiisha kutoka, sebule ikiwa na nafasi. Nilitaka kuisogeza mbele, niikute Nakuru badala ya hapa, kati ya watu nisiowajua, nikiwa na safari ya kurudi ya kunishughulisha. Na kwa ajili hiyo ningekupeleka barabara kubwa ukiwa umeziba masikio, halafu nikuache Nakuru, mbele yako Mau na Timboroa, uanze kusikia huko.

Utakosea, mama. Utapanda gia mapema mahali fulani na itatetemeka. Utachelewa mahali pengine na italia. Makosa hayo ni madogo ukiwa unayasikia mwenyewe. Langu liliua injini kwa sababu nilikuwa nikiwasikiliza watu waliolala.

Leo mchana, ulipotoka tu, nilichukua spana nikafungua bolti za kiti cha nyuma. Mbili zilikuwa na kutu, nikazimwagia mafuta ya taa nikangoja. Mahali pake nimefunga keria ya chuma aliyoichomelea Njoroge, na nimejaribu sanduku lako la vitabu, linakaa sawasawa, mikanda iko ndani ya mfuko wa kando. Nimelijaza tangi. Kiti nilikibeba kwapani mpaka Kariobangi kwa miguu. Njoroge alikigeuzageuza, akanitazama, akauliza, "Na wewe mwalimu, utakaa wapi?" Nikamwambia nitakaa nyumbani. Kabla sijaondoka alikuwa ameshakifunga kwenye pikipiki ya mtu wa Dandora, na mtu huyo akawa ameshaenda nacho.

Mamako,
Ndunge